Filta ya kulinda lenzi: Si kila kinga ni kinga

MZAZI aliyejinyima mwaka mzima ili amnunulie mwanawe kamera ya masomo anajua vizuri yanayotokea dukani. Bei imekwisha kukubaliwa na risiti inaandikwa. Ndipo mwenye duka anapotoa kijisanduku kidogo na kusema: "Mama, ongeza na hii. Ni ya kulinda lenzi. Bila hii, kijana ataikwaruza siku ya kwanza."

Ndani ya kijisanduku hicho mna kioo cha mviringo chenye ukingo wa chuma. Hiyo ndiyo filta ya kinga, ambayo wengine huiita kichujio. Hukazwa mbele ya lenzi kwa kuzungushwa, mfano wa kifuniko cha chupa. Mama hutazama kamera iliyommaliza akiba, akaona kwamba pesa kidogo zaidi si kitu, akalipa.

Miezi michache baadaye kijana huyo anaombwa apige picha katika harusi ya binamu yake. Picha za mchana zinatoka vyema kiasi. Zile za jioni, wakati wa kukata keki, zina madoa ya kijani angani na nyuso za maharusi zimefifia kana kwamba zilipigwa kupitia dirisha chafu. Jamaa wanalaumu kamera, na wengine wanamlaumu kijana. Hakuna anayekifikiria kile kioo kidogo cha mbele, na harusi ndiyo imepita. Haitarudiwa.

Leo twataka kueleza ni wakati gani filta ni kinga ya kweli, na ni wakati gani inageuka kuwa pazia baina ya kamera na kile unachopiga. Jambo la kushika ni moja: filta ikishafungwa, ni sehemu ya lenzi. Mwanga wote unaounda picha hauna budi kupita humo. Ukifunga kioo duni mbele ya lenzi nzuri, lenzi yote imekuwa duni.

Ilikotoka

Filta nyingi madukani zimeandikwa herufi UV. Maana yake ni kwamba zinazuia miale ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni. Katika enzi za filamu, jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Filamu ilinasa miale hiyo, na mahali ilipo mingi, kama vile kwenye miinuko ya Mlima Kenya au baharini, mandhari ya mbali yalitoka yakiwa na utusitusi wa samawati. Filta ya UV ilipunguza shida hiyo. Ilikuwako pia ile iitwayo Skylight, yenye rangi ya waridi kwa mbali, ambayo iliongeza joto kidogo katika rangi za picha.

Kamera za kidijitali ni mambo mengine. Kile kisahani kinachopokea mwanga badala ya filamu kimefunikwa na vioo vyake vyenyewe, ambavyo huizuia miale hiyo kabla haijafika. Kwa hivyo mwenye kamera ya kidijitali asidanganyike kwamba filta ya UV itayafanya mawingu yake yapendeze zaidi. Kwake filta hiyo ni kioo cha kinga tu, basi. Kioo kisichokuwa na rangi, kilichoandikwa Protector, Clear au NC, kitamfaa vilevile.

Wanafunzi ambao wamezirudia kamera za filamu za wazee wao ndio wanaoweza kuitumia filta ya UV kwa kazi yake ya asili.

Inalinda nini?

Hapana shaka kwamba kuna mahali filta hustahili kila shilingi. Pa kwanza ni pwani. Upepo wa Diani au Nyali hubeba marasharasha ya maji ya chumvi pamoja na mchanga. Chumvi ikikauka kwenye lenzi huacha utando unaohitaji kupanguswa tena na tena, na kupangusa kwenyewe ndiko kunakoleta mikwaruzo, kwani mchanga una chembe za mawe yaliyo magumu kuliko kioo. Ni afadhali mara mia kuikwaruza filta, ambayo hutupwa ikanunuliwa nyingine.

Pa pili ni penye vumbi. Safari Rally iliporudi katika ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021, wapiga picha waliosimama kando ya njia za Naivasha walikumbana na vumbi laini kama unga wa ngano. Anayezuru Amboseli wakati wa kiangazi analijua lake. Katika hali kama hiyo, kamera bila kinga ni sawa na macho bila kope.

Pa tatu ni nyumbani kwenye watoto. Kidole chenye keki kinajua kuitafuta lenzi. Mafuta ya kidole yakiachwa siku nyingi huwa magumu kuondoka, na kuisafisha filta ni rahisi kuliko kuisafisha lenzi, hasa ile ambayo kioo chake cha mbele kimebonyea au kimefura.

Pa nne ni kwenye mvua, kwa wale wenye lenzi zilizotengenezwa kuhimili unyevu. Baadhi ya lenzi hizo hazijakamilika bila filta. Kampuni ya Canon, kwa mfano, ilieleza kwamba lenzi yake ya 17-40mm f/4L huhitaji filta mbele ili kinga yake dhidi ya maji na vumbi ikamilike. Mwenye lenzi ya aina hiyo asome kitabu cha maelezo.

Lakini je, kamera ikianguka? Hapa ndipo wauzaji wanapozidisha chumvi. Mtu huonyesha filta iliyovunjika vipande na kusema, "Tazama, iliokoa lenzi yangu." Huenda iliiokoa, na huenda haikuiokoa. Kioo cha filta ni chembamba, na kioo cha mbele cha lenzi ni kinene mara nyingi zaidi. Kuvunjika kwa kile chembamba si ushahidi kwamba kile kinene kingevunjika. Tena vipande vya filta vikisagika juu ya lenzi vyaweza kuikwaruza. Kishindo cha kuanguka nacho huumiza zaidi mitambo ya ndani, na huko filta haifiki.

Hasara zake

Kioo kitupu, kisichopakwa chochote, hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila upande. Filta ina pande mbili, kwa hivyo karibu asilimia 8 ya mwanga haiingii. Kupungua huko kwa mwanga si taabu kubwa, kwa sababu kamera hujirekebisha. Taabu ni kwamba mwanga uliorudishwa haupotei. Huzungukazunguka ndani na kutua mahali pasipo pake. Weusi wa suti ya bwana harusi unageuka kijivu, na rangi zinapoteza ukali.

Kuna na lile doa la kijani. Taa kali au mshumaa ukiwa ndani ya picha, mwanga wake hupita kwenye lenzi hadi kwenye kile kisahani cha ndani, ambacho hung'aa kama kioo. Sehemu ya mwanga hurudi nje. Ukikutana na uso wa filta ulio bapa, hugeuzwa tena kuelekea ndani na kuchora mfano wa taa ileile, kichwa chini miguu juu, upande wa pili wa picha. Ndiyo maana madoa hayo huonekana sana usiku: taa za barabarani, mishumaa ya keki, jukwaa la muziki, au jua linapotua.

Dawa ya tatizo hili ilianza kujulikana zamani. Mwaka 1935 mwanasayansi Alexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss, Ujerumani, aliisajili mbinu ya kuipaka lenzi utando mwembamba mno unaopunguza mwanga unaorudishwa. Siku hizi filta nzuri hupakwa tando kadhaa kila upande, na mwanga unaorudi hushuka hadi chini ya asilimia 1 kwa kila upande. Filta za bei ya chini aghalabu hazina utando, au zina mmoja tu.

Anayedhani kwamba tofauti hii ni ya kwenye karatasi tu, yafaa asikie jaribio la Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi iitwayo Lensrentals, nchini Marekani. Mwaka 2011 alizipanga filta zipatazo 50 mbele ya lenzi moja, zikawa kama bomba, kisha akapiga picha kupitia humo. Picha ilikuwa kiroja. Kisha akalinganisha filta tano nzuri na tano za bei nafuu, na tofauti ilionekana wazi kwa macho. Hakuna afungaye filta tano, ni kweli, lakini mzaha huo ulionyesha kitu ambacho filta moja hukifanya kwa siri.

Kuchagua

Anza na saizi. Watu wengi huenda dukani na kusema, "Lenzi yangu ni 18-55." Hizo ni namba za ukaribu na umbali wa picha, hazihusiani na filta. Tafuta alama inayofanana na sifuri iliyokatwa kwa mstari, Ø, mbele ya lenzi au nyuma ya kifuniko chake. Namba inayofuata ndiyo upana wa filta kwa milimita. Lenzi ya Canon EF-S 18-55mm huchukua 58. Ile ya 50mm f/1.8 STM huchukua 49. Lenzi kubwa za wapiga picha wa harusi, mathalani za 24-70mm f/2.8, aghalabu huwa za 77 au 82. Filta ya 58 haiwezi kukaa kwenye lenzi ya 55, hata muuzaji aape namna gani.

Baada ya saizi, tafuta maandishi yanayohusu utando. MC humaanisha kwamba filta imepakwa tando nyingi. HMC ni alama ya Hoya ya Japani, na MRC ni ya B+W ya Ujerumani. Kampuni hizohizo hutengeneza pia filta za daraja la chini, kwa hivyo jina peke yake halitoshi. Uliza daraja.

Kisha tazama ukingo. Ukingo wa shaba nyeupe au ya manjano haukwami kwa urahisi kama wa alumini, ingawa bei yake ni ya juu. Kwa lenzi pana, zile zinazochukua chumba kizima, chagua ukingo mwembamba, la sivyo pembe za picha zitakuwa nyeusi. Lakini hakikisha kwamba kifuniko cha lenzi kinashika mbele yake, kwani baadhi ya hizo nyembamba hazina mahali pa kukishikilia.

Muuzaji akikupa filta nyeusinyeusi yenye ukingo unaozunguka, akasema kwamba hiyo ni kinga na tena inaongeza rangi, jua kwamba hiyo ni ya kupunguza mng'ao. Ni nzuri kwa maji na mawingu, lakini hunyonya mwanga mwingi. Ukiiacha kwenye lenzi siku zote, picha za ndani ya nyumba zitakuwa na giza au zitatikisika. Usiinunue kwa ajili ya kinga.

Majaribio manne

Bidhaa bandia ni nyingi, na maandishi ya sanduku huigwa kwa urahisi. Kabla ya kutoa pesa, iwe ni Luthuli Avenue au kwenye duka lenye mlango wa kioo, omba ruhusa ufanye haya:

Kwanza, iweke filta juu ya karatasi nyeupe. Karatasi iliyo chini ya kioo ifanane na ile iliyo nje. Ikionekana ya manjano au ya kijivu, irudishe.

Pili, washa tochi ya simu na utazame jinsi mwanga wake unavyorudi kutoka kwenye kioo. Kioo kitupu kitakurudishia mwanga mweupe mkali. Kile chenye tando nyingi kitarudisha mwanga hafifu wa kijani au zambarau. Rangi peke yake isikudanganye. La muhimu ni ule uhafifu, kwa hivyo linganisha filta mbili pamoja.

Tatu, ikaze kwenye lenzi. Ishike mara ya kwanza na izunguke bila kukwaruza. Ikilazimishwa, itaharibu mifuo ya lenzi.

Nne, piga picha. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama mahali pamoja, vuta karibu kadiri lenzi inavyoweza, kisha piga ukiwa na filta na bila filta. Zikuze picha kwenye kioo cha kamera na usome herufi ndogo. Kasoro ya kioo kisicho bapa huonekana zaidi katika lenzi ndefu. Halafu piga nyingine huku taa ya duka ikiwa pembeni mwa picha. Ukiona taa ya pili ambayo haipo, umepata jibu. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika tano amekujibu pia.

Kofia ya lenzi

Kuna kinga nyingine inayosahauliwa. Ni ile plastiki inayofungwa mbele ya lenzi, ikachomoza kama ukingo wa kofia. Kamera ikigonga mlango wa matatu au kona ya meza, kofia hiyo ndiyo inayopokea pigo. Huzuia vidole na, bora zaidi, huzuia mwanga wa pembeni usiingie. Kwa maneno mengine, filta duni huharibu picha huku ikilinda, nayo kofia hulinda huku ikiifaidi picha. Lenzi nyingi za bei ya chini huuzwa bila kofia. Ukiuliza, utaipata, na haina gharama kubwa.

Nani anunue nini?

Mwanafunzi mwenye kamera ya kuanzia na ile lenzi yake ya kawaida anunue kofia kwanza, na azoee kurudisha kifuniko kila anapomaliza. Filta nzuri yaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya lenzi yenyewe, na hilo si busara. Akienda pwani au kwenye vumbi, filta moja ya wastani yenye tando nyingi itamtosha.

Mwenye lenzi ya gharama, anayeitegemea kwa riziki, anunue filta ya daraja la juu au asinunue kabisa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Pesa zikiwa hazitoshi leo, atumie kofia hadi zitakapotosha.

Wanaokodi kamera kwa siku moja, kama wafanyavyo wanafunzi wengi wa uanahabari, waikague filta kabla ya kuondoka. Waitoe, waitazame kwenye mwanga, wapige picha mbili za majaribio. Wakipata mikwaruzo, waonyeshe palepale, kwa sababu jioni watatakiwa kuilipia.

Nao wote, matajiri kwa maskini, waitoe filta giza linapoingia. Mishumaa ikiwashwa, jua likitua au taa za jiji zikiwaka, ifungue uiweke kwenye kijisanduku chake. Vumbi la harusi hutulia jioni, lakini madoa ya mwanga ndipo huamka.

Kuitunza

Filta chafu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Ipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira ili mchanga utoke, ndipo uipanguse kwa kitambaa laini cha miwani ukianzia katikati. Usitumie pindo la shati wala leso, wala dawa ya kusafishia madirisha, ambayo yaweza kudhuru utando.

Ikikwama, usiibane kwa nguvu, kwani ukingo utapinda na kuzidi kushika. Izungushie mpira mpana, ishike pande zote kwa wepesi, uizungushe polepole. Ikiwa ukingo umebonyea kwa kuanguka, mpelekee fundi.

Iondoe pia mara moja moja, usafishe nyuma yake na mbele ya lenzi. Unyevu ukifungiwa hapo katikati kwa miezi, hasa kwa wakazi wa Mombasa na Lamu, huwa ni makao ya kuvu.

Basi mzazi, utakapotolewa kile kijisanduku, usikatae tu wala usikubali tu. Uliza saizi, uliza utando, washa tochi. Uamuzi ni wako, maana picha zitakazoharibika au kupendeza ni za jamaa zako.

Juma lijalo tutaizungumzia hiyo kuvu ya lenzi: inavyoingia, inavyozuiwa, na ni lini fundi aweza kuiondoa. Hadi hapo, kila la heri.